Deni la Marsabit: Safari ya Pikipiki Kutoka Ayany



Sisi tuliozaliwa Pwani, tukisikia neno kaskazi hukumbuka joto. Kaskazi ndiyo pepo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na ndiyo miezi ya Disemba hadi Machi ambayo watu hulala barazani kwa kukosa hewa ndani. Kwa hivyo sahibu yangu wa Ayany aliponipigia simu masika yaliyopita akaniambia, "Nisindikize kaskazini," nilitia begini kanzu mbili, kikoi, na koti moja jembamba la mvua. Makala haya ni maelezo ya kosa hilo, na ya jambo nililojifunza kwa sababu yake.

Ayany ni mtaa wa nyumba zilizopangwa vizuri upande wa Kibera, jijini Nairobi, si mbali na Olympic na Makina. Sahibu yangu ni Mnubi, na amezaliwa huko. Wazee wao walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, wakapewa makazi mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibra, katika lugha yao ya Kinubi, lina maana ya msitu. Mwaka 1918 ardhi ile ilitangazwa kuwa eneo la askari, lakini hati ya kuimiliki haikutolewa kwa jamii yao mpaka mwaka 2017, tena kwa ekari 288 tu. Watu waliongoja karatasi kwa karibu miaka 100 hawalichukulii kwa wepesi jambo lililoandikwa. Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwani safari yetu yote ilitokana na mstari mmoja wa maandishi.

Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori la mizigo katika njia ya Nairobi hadi Moyale, zama ambazo lami iliishia Isiolo na baada ya hapo kulikuwa na mawe, vumbi na matope. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, watoto walifungua kasha lake wakakuta daftari dogo. Katika ukurasa wa mwisho aliandika hivi: "Marsabit. Mzee wa duka, nyuma ya msikiti. 8,600. Mvua." Hakuna jina, wala nambari ya simu.

Mama ndiye aliyeufumbua mstari huo. Mwishoni mwa mwaka 1997 ilinyesha ile mvua kubwa ya El Niño iliyokata barabara nyingi za Kenya. Lori la marehemu lilizama matopeni karibu na Marsabit, na yeye na utingo wake wakakaa mjini siku 19 wakingoja njia ikauke. Fedha ziliwaishia siku ya nne. Mwenye duka mmoja, ambaye hawakujuana naye kabla, akawapa unga, sukari, mafuta ya taa na tairi kuukuu, vyote kwa mkopo. Baada ya mvua mwenye lori aliliuza gari lake, na marehemu hakupata tena kazi ya kwenda kaskazini. Deni likabaki huko.

Sote tumefundishwa tangu chuoni kwamba maiti hufungika na deni lake, na kwamba mirathi haigawanywi kabla madeni hayajalipwa. Sahibu yangu alimuuliza alimu mmoja, akaambiwa kuwa wajibu ni kulipa kiasi kile kile kilichokopwa. Akipenda kuongeza kwa hiari yake, bila ya kushurutishwa, hiyo ni ihsani. Akatenga shilingi 20,000. Kisha akawauliza madereva wa Eastleigh waendao Marsabit, na mmoja wao akasema kuwa duka nyuma ya msikiti lipo, na mzee yupo.

Msomaji atauliza: kwa nini asitume fedha kwa simu kupitia dereva huyo, au asipande basi? Mimi pia niliuliza. Akanijibu, "Fedha zaweza kutumwa. Kuomba msamaha hakutumwi. Na basi hupita usiku. Mimi nataka kuiona njia iliyomchosha baba." Yeye ni fundi wa pikipiki, na pikipiki yake ya cc 150 ndiyo riziki yake. Wenye kujua husema: mwenzi kwanza, njia baadaye. Alinichagua mimi, nikakubali.

Tuliondoka Jumamosi baada ya sala ya Alfajiri. Mlangoni mwa nyumba yao, chini ya taa, alilitazama koti langu kwa muda. Akarudi ndani, akatoka na sweta nzito ya sufu, rangi ya kijani, kama zile za askari. "Vaa hii," akasema. "Mimi nimeshavaa." Nikaivaa. Sikumwuliza amevaa nini.

Tulipita Thika, Sagana na Karatina chini ya manyunyu. Yeye aliendesha, mimi nikakaa nyuma nikiwa nimefunga begi kifuani. Abiria wa pikipiki haoni njia. Huona mgongo wa mwenzake. Nanyuki tulifika saa nne, tukasimama kidogo penye kibao cha Ikweta. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, ulikuwa upande wa kulia wetu, lakini hatukuuona hata kidogo. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka miguuni.

Baada ya Nanyuki njia huendelea kupanda kuelekea Timau, katikati ya mashamba ya ngano na mabanda ya maua, mpaka ikapita mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Huko ndiko mvua ilikotushika barabara. Ilianza kwa matone mazito, ikageuka mvua ya mawe iliyogonga helmeti kama kokoto juu ya bati. Maji yaliingia shingoni, yakashuka mgongoni, yakajaa viatuni. Mimi, niliyezoea kipupwe cha Mombasa nikakiita baridi, nilifahamu siku hiyo kuwa sijawahi kuijua baridi. Hata hivyo kifua changu kilikuwa na joto, kwa kuwa sufu hupasha hata ikilowa. Niliuona mgongo wa mwenzangu ukitetemeka. Nikajiambia kuwa ni mtikisiko wa injini.

Kutoka kilele cha njia hiyo barabara huteremka kwa kasi hadi Isiolo, na kwa muda wa chini ya saa moja mtu hutoka katika baridi ya mlima akaingia joto la nyika. Mtu anaposhuka huiona kaskazini yote imetandazwa mbele yake, kahawia na buluu, haina ukuta. Isiolo tuliswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, kwa kukusanya na kupunguza, ruhusa ya msafiri ambayo wengi wetu huisoma vitabuni bila ya kuionja utamu wake. Sahibu yangu alikuwa amevaa soksi za ngozi alizozivaa akiwa na udhu, akapangusa juu yake. Msafiri ana siku tatu na nyaya zake kwa jambo hilo. Tukanywa chai kwa maziwa ya ngamia. Nikamshauri tulale hapo, tukauke, tuendelee kesho. Akasema, "Bado kilomita 260, na lami ni nzuri. Baba alizipita kwa siku tatu, sisi kwa saa tano." Nilipaswa kushikilia neno langu. Sikulishikilia, kwani deni halikuwa langu, nikaona si adabu kumwekea mwenye deni kizuizi.

Tulitoka saa nane na nusu. Archers Post tulivuka daraja la mto Ewaso Ng'iro, uliokuwa umejaa maji mekundu. Mbele kidogo ulisimama mlima Ololokwe, jabali pana lenye kichwa bapa kama meza, nalo limevaa kilemba cha mawingu. Kisha njia ikanyooka. Lami hii, iliyokamilishwa hatua kwa hatua katika muongo wa 2010, inakwenda mbele kama uzi uliovutwa, na kila upande ni migunga, mawe meusi na ngamia. Kwa kilomita nyingi hatukukutana na gari. Kuna mahali sahibu yangu alizima injini ili tupumzike, na ukimya ulikuwa mkubwa hata nikasikia saa yangu ya mkononi. "Hapa," akasema, akionyesha njia ya zamani ya mawe iliyoambaa na lami, "hapa ndipo walipokuwa wakipita."

Laisamis mvua ikaanza upya. Masika ya nyika si kama ya kwetu. Mabonde makavu hujaa maji ghafla, na mchanga wa asubuhi huwa mto wa jioni. Tulipita Logologo jua likizama, tumelowa sisi na kila tulichobeba. Mlima Marsabit ukaanza.

Huo ni mlima wa ajabu. Umesimama peke yake katikati ya jangwa, umevaa msitu, na kilele chake hupita mita 1,700. Upepo unaotoka mashariki ukiwa na unyevu hugonga miteremko yake ukapanda na kupoa, ukawa ukungu. Chini kuna jua kali na miiba. Juu kuna miti mirefu inayoning'iniza ndevu za kuvu na kudondosha maji usiku kucha. Ndani ya msitu huo ndimo alimoishi ndovu Ahmed, aliyewekewa ulinzi maalumu kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Marehemu baba yake sahibu yangu alikuwa akiwahadithia watoto habari za ndovu huyo kila walipokataa kulala.

Lakini usiku ule hatukuwa na nafasi ya hadithi. Ukungu ulikuwa mnene hata taa ya pikipiki ikatupa mwanga wetu wenyewe machoni. Nilimsemesha mwenzangu, akajibu. Nikamsemesha tena, akajibu neno lisilokuwa na maana. Mara nikagundua kuwa mgongo wake, uliokuwa ukitetemeka tangu Timau, umetulia. Kwanza nilifurahi. Kisha pikipiki ikaanza kwenda pembeni, polepole, kama mtu anayesinzia, mpaka gurudumu likagusa changarawe. Nikanyoosha mikono nikaushika usukani juu ya mikono yake. Vidole vyake vilikuwa baridi kama samaki wa barafuni, wala havikuweza kubana breki.

Tulisimama. Kulikuwa na taa moja kando ya njia; tulikuwa tumefika Karare, kijiji kilicho chini kidogo ya mji. Mama mmoja wa Kirendile, mwenye kibanda cha chai, alitoka na tochi. Nikamwambia twataka kupumzika dakika kumi tu kisha twende mjini. Akammulika mwenzangu usoni, kisha akanimulika mimi. "Leo hamwendi popote," akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Ndovu huvuka njia hapa usiku, na ndovu hamwulizi mtu ana haraka gani. Na huyu mgonjwa."

Ilipolazimu kumvua nguo zilizolowa ndipo nilipoona. Chini ya koti la mvua sahibu yangu alikuwa na fulana moja ya pamba na magazeti aliyojitandaza kifuani, nayo magazeti yamekwisha kuwa uji. Sweta aliyonipa asubuhi ndiyo aliyokuwa nayo, haikuwapo nyingine.

Ndugu msomaji, niliona haya ambayo siwezi kuieleza. Kilomita 500 na zaidi nilikaa nyuma yake nimekingwa na upepo kwa mwili wake, nimevaa joto lake, na nikaita mtetemeko wake mtikisiko wa injini kwa kuwa jina hilo lilikuwa jepesi zaidi kwangu. Yeye alimpendelea mwenzake kuliko nafsi yake, na hilo ni jambo lenye kusifiwa katika dini yetu. Lakini mwenye kupendelewa naye ana wajibu wake: aulize. Swali moja tu mlangoni Ayany, "Na wewe je?", lingetosha.

Mama yule alijua la kufanya kuliko mimi. Alimkausha kwa shuka kavu, akamfunika kwa blanketi mpaka kichwani, akamketisha mbali kidogo na moto, asimwache ausogelee. Akamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi, kidogo kidogo. Nalikumbusha hapa kwa faida ya vijana wetu wanaopenda safari: mtu aliyeshikwa na baridi kali akiacha kutetemeka, akaanza kusema maneno yasiyoshikana, hajapata nafuu, amezidiwa. Aondolewe katika upepo, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, apashwe joto polepole, wala asisuguliwe kwa nguvu, na apelekwe kwa daktari haraka iwezekanavyo.

Baada ya kitambo akaanza kutetemeka tena, meno yakigongana, nami sijapata kusikia sauti iliyonifurahisha kama ile. Karibu na saa nne ya usiku akafumbua macho akauliza, "Bahasha iko wapi?" Ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kiunoni mwangu. Fedha zilikuwa kavu. Kila kitu kingine kilikuwa kimelowa.

Tulilala pale. Asubuhi mama alikataa malipo ya malazi, akakubali ya chai tu.

Mji wa Marsabit tuliukuta ndani ya ukungu, watu wamejifunga mashuka na makoti, mbuzi wamejibanza chini ya vibaraza. Duka lilikuwapo nyuma ya msikiti kama daftari lilivyosema. Ndani aliketi mzee wa Kiburji mwenye ndevu nyeupe, kofia ya mkono kichwani, akipima sukari. Tulimwamkia, tukangoja wateja waondoke. Sahibu yangu akaeleza habari yake tangu mwanzo, akisimama kama mtoto mbele ya mwalimu: lori, mvua, siku 19, unga, tairi. Mzee alisikiliza bila kutikisa kichwa.

"Mrefu?" akauliza mwishowe. "Mwenye kucheka sana?"

"Ndiye, mzee wangu. Amefariki. Alikuandika. Nimekuja kulipa na kumwombea radhi kwa kuchelewa."

Mzee akapokea bahasha, akavaa miwani. Nilidhani atasema kuwa alikwisha kusamehe zamani, kama wazee wengi wangesema. Hakusema hivyo. Alihesabu noti moja moja juu ya meza. Alipofika 8,600 akasimama, akazitia katika mtoto wa meza, na zilizobaki akazisukuma upande wa pili.

"Hizi si zangu," akasema.

"Ni hiari yangu, mzee. Fedha za wakati ule na za leo si sawa."

"Najua ni hiari, wala si haramu. Lakini nilimkopesha mtu aliyekwama, sikupanda mbegu. Na lau ningekwambia nimesamehe, ungerudi kwenu na shukrani badala ya deni, na shukrani ni nzito pia. Sasa babako hana kitu kwangu. Nenda kamwambie mama yako kuwa nimehesabu."

Kisha akainua mikono akamwombea marehemu, nasi tukaitikia amina. Tulipokuwa tukiaga alitutazama, akaziona nguo zetu bado mbichi. Akapanda ngazi yake fupi, akatoa rafuni sweta mbili nzito za sufu, akatupa kila mtu yake. Sahibu yangu akaingiza mkono mfukoni.

"Weka mkono wako," mzee akamwambia. "Hizi haziandikwi."

Kurudi tulichukua siku tatu. Tulilala Laisamis, tukalala Nanyuki, na kila tuliposimama niliuliza, "Na wewe je?", mpaka akanicheka. Mlima Kenya tuliuona asubuhi ya mwisho, mweupe kileleni, kwa muda usiozidi kunywa kikombe cha kahawa.

Ayany tulifika baada ya Maghribi. Mama alikuwa ameketi sebuleni na daftari mapajani. Hakuuliza habari za njia wala za mvua.

"Alihesabu?" akauliza.

"Alihesabu, mama."

Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya maandishi ya mumewe, taratibu, asiyafute bali yasomeke chini yake. Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Kaleni."

Huenda nyumbani kwako nawe, ndugu msomaji, kuna daftari la namna hiyo, au mstari usioandikwa ambao mzee wako aliutaja siku moja akanyamaza. Fanya uutafute wakati mwenye haki angali hai. Na ukipata mwenzi wa kukusindikiza, mtazame alivyovaa kabla hamjaondoka.

Wassalaam.